Kifua cha Mzee Msengi

Matroni wa sasa alinipigia simu akaniambia kuna wauguzi wapya wanaripoti kituoni, na kwamba ingefaa mimi mstaafu niwaandikie mawili matatu kuhusu kazi. Nikamuuliza anataka kurasa ngapi. Akasema, "Andika tu, Nesi Naomi, ila usiwatishe." Basi siwatishi. Nitawasimulia tu jinsi nilivyomtibu mzee mmoja kikohozi kwa miezi saba, na mzee mwenyewe hakohoi.

Kwanza mnijue. Nimefanya uuguzi upande huu wa Iramba mpaka nywele zikabadilika rangi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikaa chumba namba nne, kile chenye dirisha linalogoma kufunga. Nasikia bado linagoma. Humo ndimo tulimokagulia matiti. Mbele yangu watu waliniita Nesi Naomi, nikigeuka mgongo wakaniita Nesi Matiti. Marehemu mume wangu hakulipenda kabisa jina hilo, hasa siku moja mnadani mtu asiyemfahamu alipomshika mkono kwa heshima na kumuuliza, "Samahani, wewe ndiye mume wa Nesi Matiti?"

Kazi hiyo nilifundishwa na matroni wetu wa zamani, Mama Ntandu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Siku zile hatukuwa na sanamu za plastiki za kujifunzia. Mama Ntandu alichukua shati kuukuu, akashona kifuko cha duara, akakijaza unga wa mtama, ndani akaficha punje ya hindi, haragwe na kokoto. Unafumba macho, unakuta vyote vitatu, unasema kipi ni kipi. Ukitumia ncha za vidole anakuchapa mkono, kwa sababu ncha zinadanganya. Unatumia nyama laini za vidole vitatu vya kati, unazungusha polepole, kwanza kwa kugusa tu, kisha kwa kukandamiza kidogo, kisha kwa kukandamiza hasa, na hutoki hapo hujafika kwapani. Ziwa la kwanza, yaani titi hilo la kitambaa, lililiwa na panya. La pili akalijaza pumba na chumvi, panya wakaliacha.

Haragwe linakwepa vidole, ukilisukuma linakwenda. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi si wa kutisha, ila na wenyewe upimwe. Kokoto halihami. Limekaa pale limeshika, na wakati mwingine limevuta ngozi au chuchu kwa ndani. Hilo lisilale kituoni hata siku moja. Siku hizi mna altrasaundi, mnapaka ute mnatazama kwenye kioo, nami nawaonea wivu wa haki kabisa. Lakini umeme ukikatika, na huku unakatika, mtabaki na vidole vitatu.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyojiharibia. Alikuja mama kijana kutoka Nduguti na titi moja lililokua ndani ya miezi michache mpaka likampita mwenzake mara tatu. Mama mkwe alikuwa ameshaamua kwamba karogwa na jirani, na jirani alikuwa ameshahama. Nikapapasa: kubwa, lina vinundu, linahama lote kwa pamoja, kwapa safi. Nikakumbuka Mama Ntandu aliwahi kutueleza uvimbe adimu unaoitwa filodi, ambao ukikatwa na kutazamwa ndani una mikunjo mfano wa majani. Wengi wao si saratani, ila ukitolewa kwa ubahili, bila kuchukua na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka, unarudi kudai nafasi yake. Nikaandika kwenye barua ya rufaa: nashuku filodi. Na kweli ikawa filodi. Daktari wa upasuaji akauliza kikaoni ni nani huko vijijini anayeijua hiyo, watu wakaninyooshea kidole.

Yule mama akatolewa uvimbe wake akapona. Uvimbe ukahamia kichwani mwangu. Nilianza kutembea kituoni mikono ikiwa nyuma, na mgonjwa akianza kueleza namalizia mimi.

Ndipo akaja Mzee Elia Msengi wa Misigiri. Alikuwa katibu wa wazee wa kanisa, mtu mrefu, mkimya, mwenye koti zito la kijivu ambalo hakulivua kipupwe wala kiangazi. Matangazo yote ya kanisani aliyaandika yeye, na kalamu yake ilikaa mfuko wa kushoto wa shati.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba, nesi. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Unasumbuliwa na nini?"

Akatazama mlango kama umefungwa. Akashusha sauti. "Kifua."

Mnalijua neno hilo. Kwetu mtu akisema ana kifua hatumuulizi kiko wapi, kila mtu anacho. Tunajua anakohoa. Nikaandika "kifua" kwenye kadi kabla hajafunga mdomo.

"Tangu lini?"

"Tangu tupande alizeti."

"Kinauma?"

"Si sana. Kinanisumbua nikikilalia."

"Na usiku?"

"Usiku ndipo nakilalia, nesi."

Kwangu hayo yalitosha. Muda mrefu, usiku kinasumbua, mzee amekonda kidogo: huyu lazima apimwe kifua kikuu. Nikampa kikopo cha makohozi. Akakifungua, akachungulia ndani, akakifunga.

"Nitie nini humu?"

"Makohozi. Ya asubuhi, kabla hujala."

"Sina makohozi."

"Jitahidi, mzee."

Kesho yake akaja nacho, amekifunga kwenye karatasi ya gazeti. Baada ya nusu saa mtu wa maabara akanirudishia. Nikamwita mzee nikamwambia, "Haya ni mate."

"Nimejitahidi sana. Mate ndiyo niliyojaliwa."

"Kohoa kutoka ndani kabisa."

Akaenda nyuma ya jengo kukohoa. Benchi zima la wagonjwa lilimsikia. Mama mmoja akamhamishia mtoto upande wa pili. Mzee alirudi macho mekundu, akaniwekea mezani kikopo chenye kitu kama machozi mazito, na vipimo vikasema hana kifua kikuu. Nikampa dawa ya kikohozi, ile ya maji. Wiki tatu baadaye nikamuuliza kama imesaidia.

"Nalala vizuri sana," akasema.

Nikamwongezea chupa.

Mtaniuliza, nesi, hukumsikiliza hata kwa kifaa? Nilimsikiliza. Nilimwinulia koti na sweta nyuma, nikamsikilizia mgongoni juu ya shati, maana mbele kulikuwa na vifungo vya koti, vya sweta na vya shati, na foleni ilikuwa ndefu. Mapafu yalikuwa safi. Badala ya kujiuliza huyu anaumwa nini kama mapafu ni safi, nilijisifu kwamba dawa yangu inafanya kazi. Mama Ntandu angekuwa hai angenichapa mkono, na si wa kulia peke yake.

Nawaambieni wazi: mgonjwa mbishi anasaidia. Mbishi angenitupia kile kikopo. Mzee Msengi alikuwa mtiifu. Alikunywa, akashukuru, akarudi siku niliyomwandikia, kila mara kwa neno lake lile lile, kifua, na kila mara nilimkatiza kabla hajaongeza la pili.

Alipokuja mara ya nane, koti na sweta vikiwa wazi mbele, nikaona doa kwenye mfuko wa kushoto wa shati, chini ya ukingo wa koti.

"Mzee, kalamu imevuja," nikamwambia.

Akatazama chini, akavuta koti. "Ndiyo," akasema. "Imevuja."

Basi nikaketi nikamfundisha kutoa doa la wino. Limau, chumvi, juani, usisugue kwa nguvu. Nilieleza kwa kirefu, nilikuwa na nafasi siku hiyo. Nikaona kabisa kwamba kalamu yenyewe ameihamishia mfuko wa kulia. Niliiona kwa macho haya. Nikawaza: ameogopa kuchafua zaidi, mzee nadhifu huyu.

Wiki mbili baadaye, siku ya kliniki ya watoto, aliingia mkewe bila kubisha hodi. Huyo ni Mama Neema, mwanamke mwenye mabega mapana ambaye akiambiwa ahesabu mpaka kumi kabla ya kusema, akifika tatu ameshasema. Nilimwamkia, akaitikia huku akitoa shati kwenye mfuko na kulitandaza juu ya meza yangu, juu ya kadi za watoto.

"Nesi, limau lako limenishinda."

"Uliliweka juani?"

"Nimeliweka juani mpaka kola imepauka. Doa linatoka, kesho lipo tena, hapo hapo. Kwenye mashati yote. Na jambo jingine." Akaweka kidole katikati ya doa. "Kalamu ya Baba Neema inaandika bluu."

Nikatazama. Doa lilikuwa la kahawia, na katikati lilikuwa na wekundu. Hakukuwa na bluu hata chembe. Niliona aibu, halafu nikaona hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi. Miezi saba ilipita mbele ya macho yangu, chupa kwa chupa.

"Yuko wapi?"

"Yuko nje kwenye benchi. Anasema amepona."

Nikatoka mwenyewe nikamwingiza. Nikafunga mlango. Dirisha halikufunga, kama kawaida, nikalitundikia shuka.

"Vua koti, mzee."

"Kuna baridi."

"Vua."

"Nesi, mimi ni kifua tu."

"Hicho hicho ndicho ninachotaka kukiona."

Akavua koti. Akauliza kama inatosha. Akavua sweta, akauliza tena. Tukafika shati, tukafika fulana, na chini ya fulana upande wa kushoto kulikuwa na leso ya maua iliyokunjwa mara nne na kubandikwa kwa plasta.

"Leso yangu ya Pasaka," akasema Mama Neema. "Nimemtuhumu dada yake mwaka mzima."

Nikaibandua taratibu. Chuchu ilikuwa imevutwa ndani, pembeni pana kidonda kidogo kinachotoa majimaji ya damu. Nikaweka vidole vitatu. Sikuhitaji kufumba macho. Chini ya chuchu kulikuwa na kokoto la Mama Ntandu, gumu, limeshika, halihami. Nikaenda kwapani, nako nikakuta tezi moja imevimba.

"Titi hili limeanza kuwa hivi lini?"

Mzee akashtuka kuliko nilivyotarajia. "Nesi, mimi sina titi. Titi ni la mama."

"Na hilo ni nini?" mkewe akauliza.

"Ni kifua."

Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa hajanidanganya hata siku moja. Alinipa neno pekee aliloona mwanamume anaweza kulitamka mbele ya nesi na akabaki mwanamume, na mimi nikalipokea kwa maana yangu nikaenda nalo maabara. Nikamweleza kwamba kila mwanamume ana nyama kidogo ya titi nyuma ya chuchu, na kwamba saratani inaweza kuingia humo. Ni nadra sana, ila inaingia. Akavaa fulana, akaivua tena kwa sababu hakujua kama tumemaliza.

"Nilidhani nageuka," akasema.

"Unageuka nini?"

"Nageuka mwanamke. Kila asubuhi nilikuwa natazama ndevu kama bado zipo."

Mama Neema alifungua mdomo kucheka, kisha akaona uso wa mumewe, akaufunga. Akamshika mkono. Sikuwahi kumwona mke wa umri wake akimshika mumewe mkono mbele ya mtu, huku kwetu si kawaida.

"Nitakufa?" mzee akaniuliza.

"Sijui. Ninachojua ni kwamba nimekuchelewesha. Ningekuvua shati siku ya kwanza."

Akafikiri. "Na mimi nilikusaidia," akasema.

Niliomba ruhusa nikafuatana nao mpaka hospitali kubwa, kwa sababu sikuwa na usingizi hata hivyo. Asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya kliniki ya matiti. Benchi limejaa akina mama, wote wakampisha Mama Neema wakidhani mgonjwa ni yeye, mzee wakamwambia wanaume wanasubiri nje. Karani akatoka na kadi.

"Bi. Elia Msengi."

"Nipo," mzee akasema.

"Mama mwenyewe yuko wapi?"

"Mama ni huyu, lakini Elia ni mimi."

Benchi zima likageuka. Karani alikuwa kijana mwenye fomu, na mtu mwenye fomu hana namna ila kuijaza. Akauliza umezaa mara ngapi. Mzee akasema ana watoto saba. Akauliza umenyonyesha kwa muda gani. Mzee akanitazama mimi.

"Andika hakunyonyesha," Mama Neema akasema. "Hata kuwabembeleza ilikuwa kazi."

Karani akaandika. Kisha akauliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Mzee akasimama, akachukua kofia yake, akaanza kuondoka. Mkewe akamkamata mkia wa koti, nami nikamnyang'anya karani kalamu nikalikata kwa mstari swali lile. Mama mmoja mwenye kilemba cha njano ndiye aliyetuokoa. Alisogea, akapiga benchi kwa kiganja mara mbili, akasema, "Njoo ukae hapa, baba. Hapa wote tuna shida moja." Mzee akakaa. Mpaka jina lake linaitwa tena alikuwa ameshaulizwa habari za Misigiri, za mavuno na za wajukuu, na mama wa kilemba alikuwa amemwelekeza daktari yupi ana mkono mwepesi.

Daktari alichukua kinyama kwa sindano nene ili kikapimwe. Miaka hiyo sampuli ilisafiri kwa basi kwenda mkoa mwingine kwa mtaalamu wa kuzisoma, na kwa kuwa nilikuwepo nikapewa kazi ya kuifunga. Jifunzeni: chupa yenye mdomo mpana, fomalini ya kuzuia kinyama kisioze, nyingi angalau mara kumi ya kinyama chenyewe, jina, tarehe, na upande, kushoto au kulia. Yote hayo niliyafanya sawasawa. Kosa langu lilikuwa kuandika juu ya boksi kwa herufi kubwa: KINYAMA, HARAKA.

Wakala wa basi akauliza, "Cha ng'ombe au cha mbuzi?"

"Cha mzee," nikasema.

Akaweka kalamu chini. Ilibidi nimweleze mwanzo mpaka mwisho, na alipoelewa akasema boksi hilo halitakaa buti pamoja na kuku, litakaa mbele na kondakta. Nilimpenda kwa hilo. Lakini baada ya saa mbili simu ikalia, ni kondakta, yuko kwenye kizuizi cha barabarani. Ofisa mifugo amesoma boksi, anataka kibali cha kusafirisha nyama.

"Mpe simu," nikasema. Nikamwambia ofisa kwamba mwenye nyama yu hai, ameketi hapa mbele yangu anakunywa chai, na kibali ametoa mwenyewe. Mzee akaomba simu, akajitambulisha kwa majina yake matatu, akasema, "Ni kweli, mkuu. Ni yangu." Tangu hapo tukaandika "sampuli ya maabara", nanyi andikeni hivyo hivyo.

Kusubiri majibu hakukuwa na kichekesho. Mzee alirudi Misigiri, kila Jumapili akaandika matangazo kama kawaida, nami kila simu ikilia niliipokea kabla ya mlio wa pili. Kama ni saratani na imefika mbali, imefika mbali katika ile miezi yangu ya dawa ya kikohozi. Nilikuwa nikipita chumba cha dawa nikiziona zile chupa rafuni natazama pembeni.

Majibu yakaja: ni saratani, ya aina inayolishwa na homoni, na mbali na tezi ile ya kwapa haikuonekana popote pengine. Akapasuliwa, titi likatolewa na tezi zake. Akapelekwa mbali kwenye mionzi, akarudi amekonda, koti limekuwa kubwa juu yake. Kisha akapewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka mitano, vya kuizuia ile homoni, vile vile wanavyopewa akina mama.

Mwezi wa saba, wakati huku kwetu watu wanaongea moshi ukitoka mdomoni, akaja kituoni amelowa jasho.

"Nesi, nawaka moto."

Nikampima joto. Halikuwa na neno. Nikamuuliza linakujaje. Akasema linaanzia tumboni, linapanda shingoni, linamaliza usoni, halafu linaondoka na kumwacha analoa, na linakuja hata katikati ya sala. Mama Neema alikuwa amekaa nyuma yake, nikamwona anaanza kutetemeka mabega.

"Ni vidonge," nikasema. "Akina mama nao hupata hivi wakikoma hedhi."

Mama Neema alicheka mpaka akateleza kwenye kiti akakaa sakafuni. "Karibu," akamwambia mumewe alipopata pumzi. "Karibu sana, Baba Neema. Miaka mitatu nafungua madirisha usiku unaniambia najidai."

"Sikujua," mzee akasema, anajipepea kwa kadi yake ya kliniki.

"Sasa unajua."

Siku hiyo alivua koti mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Alilitundika kwenye msumari chumba namba nne akalisahau, na nilipompelekea wiki iliyofuata Mama Neema akasema nikae nalo, mzee hawezi tena kuvaa hata sweta. Ndipo nikapata wazo. Ziwa la Mama Ntandu lilikuwa moja tu, nalo la mwanamke. Kizazi kizima cha wauguzi tulijifunza kwamba kokoto linakaa kwenye duara. Nikakata upande wote wa mbele wa lile koti, na vifungo vyake na mfuko wake. Nyuma nikashonea kitambaa cha shati, katikati nikajaza pumba na chumvi, tabaka jembamba, na chini ya mfuko wa kushoto nikaweka kokoto.

Mtalikuta kabatini, rafu ya chini. Linaitwa Kifua cha Mzee Msengi, na mwenye jina ametoa ruhusa. Matroni atawaita mmoja mmoja awaambie mkague. Anayepapasa juu ya vifungo amefeli, arudi nyuma ya foleni. Nawapa jibu kabla ya mtihani na bado najua watafeli baadhi yenu, kwa sababu foleni itakuwa ndefu na mgonjwa atakuwa mtu mzima mwenye heshima zake, nanyi mtaona haya kumwambia avue. Afadhali mumwonee haya mkewe atakayekuja na shati.

Mzee yupo. Vidonge alimaliza, joto limeisha, koti hajaliulizia. Ukatibu ameachia wengine, lakini nasikia amejipa kazi nyingine. Akikaa na wanaume wenzake mnadani, mazungumzo yakifika kwenye afya, anafungua vifungo vitatu vya juu anawaonyesha kovu, na kabla hawajatazama pembeni anawatajia kitu hicho kwa jina lake. Mchungaji alimshauri apunguze. Hakupunguza.

Nami nilidhani hayo ni maneno tu ya watu, mpaka mwezi uliopita. Nilikuwa uani napepeta choroko, akafika mwanamume wa kama miaka thelathini na tano, na pikipiki, na koti la mvua wakati hakuna mvua. Alikuwa ametoka Ulemo. Alisimama mbali kidogo, akatazama jirani yangu aliyekuwa anaanika alizeti ng'ambo ya ua, akakaza taya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu. Una shida gani, baba?"

"Nimetumwa na Mzee Msengi wa Misigiri. Amesema kituoni nitakwenda, ila nianzie kwako." Akafungua kifungo cha juu cha koti. "Na amesema nisiseme kifua. Amesema nikisema kifua utanipa kikopo."

Nikaweka ungo chini. "Basi sema unachotaka kusema."

"Titi, bibi. La kushoto. Kuna kitu."

Alilisema kwa sauti, jirani yangu akageuka na ungo wake mkononi. Yule mwanamume hakulirudisha neno lake wala hakutazama chini. Nilifurahi mpaka macho yakanilowa, mimi niliyestaafu, na ili asinione nikamwambia aingie ndani anisubiri, nikaenda kunawa mikono. Nilichelewa kidogo huko bombani. Niliporudi nilimkuta amekaa wima kwenye kiti, koti na shati amevikunja vizuri magotini.